Dondoo muhimu: Taa ya ziada kwa breki ya ekzosi

Lori la mananasi kutoka Kiwangwa linaweza kupunguza mwendo kwa breki ya ekzosi bila taa za nyuma kuwaka, kwa kuwa dereva hajagusa pedali. Mlinde anayekufuata kwa kufunga taa ya ziada:

1. Pima betri kwanza: malori mengi ni volti 24, balbu na rilei za volti 12 zitaungua.
2. Tumia mita kutafuta waya unaopata umeme breki ya ekzosi inapofanya kazi tu; usibahatishe kwa rangi.
3. Chomoa hasi ya betri kabla ya kukata au kuunga waya.
4. Funga rilei: waya wa breki ya ekzosi uingie pini 86, hasi 85, umeme wa betri 30, taa 87.
5. Usiuunge waya huo moja kwa moja na taa za kawaida: ukikanyaga pedali, umeme utarudi na kufunga ekzosi.
6. Weka fyuzi ya ampea 5 karibu na betri. Kwa volti 24, balbu mbili za wati 21 huvuta chini ya ampea 2.
7. Kwangua rangi pale unapofunga hasi kwenye chesisi, kaza, kisha paka grisi. Upepo wa chumvi wa Bagamoyo hula maungio haraka.
8. Pitisha waya ndani ya mpira, mbali na bomba la moshi.
9. Tumia taa nyekundu, na ifute vumbi kila asubuhi.
10. Rudisha hasi ya betri, zuia matairi, washa injini na breki ya ekzosi, kisha mwenzako athibitishe taa akiwa amesimama pembeni.