Milio ya Mbele ya Land-Rover Kuukuu na Maana Yake

Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya ubovu wa gari ni mlio. Ni mara chache chuma kuvunjika bila kutoa habari kwanza. Lakini madereva wengi, wasikiapo kitu kikigonga upande wa mbele, huendelea na safari mpaka wauzoee. Wengine humwendea fundi na kumwambia neno moja tu: "Gari linalia." Fundi naye hubahatisha. Hununuliwa beringi, kisha bushi za springi, kisha viungo vya usukani. Fedha zikwishapo, mlio ungalipo.

Somo hili lahusu Land-Rover za zamani zenye springi za majani mbele na nyuma. Gari hili lilionyeshwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, na lile la namna ya Series III liliachwa kutengenezwa huko Solihull, Uingereza, mwaka 1985. Basi hata lililo changa katika hayo ni la umri wa miaka 40 hivi. Gari la umri huo haliwezi kuwa kimya kabisa. Kazi ya mwenye gari ni kujua mlio upi ni wa uzee tu, na upi ni wa hatari.

Mlio Unafuata Nini?

Kabla ya kushika spana, dereva ajiulize mlio unafuata nini.

Kwanza, gari lisimamishwe na injini iongezwe moto. Mlio ukipanda pamoja na injini, kosa haliko katika ekseli. Litafutwe katika feni, dainamo au pampu ya maji.

Pili, ikiwa mlio huongezeka gari linapoongeza mwendo, wala haujali injini, kosa liko katika kitu kinachozunguka pamoja na magurudumu.

Tatu, ikiwa husikika gari likipiga shimo au breki zikishikwa, zikaguliwe springi na vifungo vyake.

Nne, ikiwa husikika usukani unapokatwa, vitazamwe viungo vya usukani na vya magurudumu ya mbele.

Vile vile wenzo wenye kichwa cha manjano utazamwe. Ukiwa umesukumwa chini, magurudumu yote manne huvuta. Gari hizi hazikufanywa kuvuta hivyo katika barabara kavu ya lami. Katika kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, na kwa kuwa yamefungwa pamoja, shafti hujipinda, matairi hukwaruza na gia hugonga. Dereva hudhani gari limevunjika, kumbe amesahau wenzo. Kuuondoa, gari husimamishwa kabisa. Wenzo wenye kichwa chekundu huvutwa nyuma mpaka mwisho, kisha hurudishwa mbele.

Milio ya Vitu Vinavyozunguka

Mlio wa ko-ko-ko katika mwendo wa polepole, unaokwenda sawa na mzunguko wa gurudumu, wataka gari lisimamishwe papo hapo. Huenda nati za gurudumu zimelegea. Zikazwe, na matundu ya gurudumu yatazamwe. Yakiwa yamepanuka, gurudumu hilo halifai tena.

Ngurumo nzito inayopanda pamoja na mwendo, na kubadilika gari linapoegemea upande mmoja katika kona, mara nyingi hutoka katika beringi za gurudumu. Mwisho wa safari kitovu cha gurudumu kiguswe kwa uangalifu. Kikiwa cha moto sana kuliko cha upande wa pili, ama beringi zimebanwa mno ama breki inashika.

Mlio mwembamba kama wa ndege, usikikao gari likianza kwenda, ni wa viungo vya shafti ya mbele, vile vyenye umbo la msalaba. Mara nyingi vimekosa grisi. Vikiachwa, mlio huo hugeuka kuwa kishindo kila dereva anapoongeza au kupunguza moto. Yafaa kukumbuka kwamba shafti hiyo huzunguka hata magurudumu ya nyuma yanapovuta peke yake, kwa sababu huzungushwa na magurudumu ya mbele.

Hapo iko njia nzuri ya kupima. Baadhi ya gari hizi zimetiwa vitovu vya mbele vinavyoweza kufunguliwa kwa mkono, ili magurudumu yazunguke bila kuzungusha shafti. Vikifunguliwa na ngurumo ikanyamaza, kosa liko katika shafti au katika gia za ekseli. Ikiendelea, beringi za magurudumu ndizo za kuchunguzwa.

Gurudumu Linalocheza

Nyuma ya kila gurudumu la mbele pana tufe kubwa la chuma. Gurudumu hugeukia hapo kwa pini mbili, moja juu na moja chini. Pini zikilika, gurudumu hucheza, na kuchezacheza huko hufanana sana na kule kwa beringi mbovu. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea bure.

Namna ya kutofautisha ni hii. Magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa mawe, upande wa mbele uinuliwe kwa jeki, na gogo imara liwekwe chini ya ekseli; mtu asitegemee jeki peke yake. Kisha mtu mmoja alishike gurudumu juu na chini, alitikise. Likicheza, mwenzake akanyage breki kwa nguvu huku yeye akiendelea kulitikisa. Kucheza kukikoma, kosa ni la beringi. Kucheza kukibaki, kosa ni la pini.

Baadaye gurudumu lishikwe kushoto na kulia. Likicheza upande huo tu, vitazamwe viungo vya vyuma vya usukani. Yafaa pia gari likiwa chini mtu mmoja azungushe usukani kidogo kidogo, huku na huku, na mwenzake atazame kila kiungo. Kile kinachoruka kabla chuma cha pili hakijasogea ndicho kibovu.

Kishindo cha Springi

Kishindo kimoja kizito katika shimo, na kingine breki zinaposhikwa, huonyesha kwamba springi haishiki ekseli barabara. Zitazamwe boliti za umbo la herufi U, bushi za masikio ya springi, na kila jani moja moja. Kutu nyekundu au mstari unaong'aa kando ya chuma ni alama ya kitu kinachosuguana au kilichopasuka. Boliti hizo zikilegea, ekseli yaweza kusogea kutoka mahali pake, na gari likavuta upande mmoja dereva anaposhika breki. Kukaza nati nne ni kazi ya muda mfupi.

Yasiyongoja na Yanayongoja

Springi zinazolialia kwa ukavu zaweza kungoja. Shafti iliyokosa grisi itiwe grisi jioni ile ile. Lakini nati za magurudumu zilizolegea, kiungo cha usukani kinachoruka, na ekseli inayosogea, hivi vitatu havingoji kesho wala soko la Jumamosi. Katika mteremko wa Bonde la Ufa, gari likiwa na magunia na watu juu ya magunia, kiungo kimoja cha usukani kikichomoka dereva hana la kufanya tena.

Kwa hiyo dereva apelekapo gari kwa fundi, asiseme tu kwamba linalia. Amweleze hivi: "Lagonga mara moja nikishika breki, upande wa kushoto, na halisikiki katika lami laini." Fundi apewaye habari za namna hiyo hujua pa kuanzia, naye mwenye gari hulipia kile kilichoharibika tu.