Pete Kidoleni, Upweke Moyoni

Wengi wetu tulidhani kwamba siku tuliyovishana pete, upweke uliaga. Sivyo. Mume ni mlinzi Mombasa, mke analima Siaya. Wanaonana Krismasi na Pasaka. Mwingine mwenzake yuko Qatar au Saudi Arabia akitafuta riziki. Pesa hufika kwa simu kwa dakika moja, lakini kitanda hubaki kipana. Na wako wanaolala chini ya paa moja, ambao mazungumzo yao kutwa ni karo, unga na kodi ya nyumba. Hao nao ni wapweke, pengine kuliko walio mbali.

Upweke si dhambi

Katika kitabu cha Mwanzo (2:18), kabla dhambi haijaingia duniani, Mungu aliona kwamba haimfai mtu kuishi peke yake. Basi hamu ya kuwa na mwenzako umepewa na Muumba. Usiione aibu. Hata Bwana wetu, usiku wa Gethsemane, aliwaomba Petro, Yakobo na Yohane wakeshe naye (Mt 26:36-46), nao wakalala usingizi. Ukimwambia Yesu kwamba mwenzako amelala huku wewe unalia, unazungumza na anayejua jambo hilo.

Lakini ujihadhari

Moyo mpweke hutafuta masikio. Huanza kwa jirani au mfanyakazi mwenzako anayekusikiliza vizuri. Leo unamweleza uchovu wako, kesho siri za nyumba yako. Wengine hukimbilia pombe. Jiulize kwa unyofu: habari zangu za leo, nani alizisikia kwanza?

Imani yatusaidiaje?

1. Sali jinsi ulivyo. Wengine huacha kusali kwa sababu hawana furaha. Soma Zaburi ya 88: inaanza kwa kilio na kuishia gizani, lakini Kanisa linaisali. Mungu hakatai sala yenye machozi.

2. Salini pamoja hata mkitengana. Mwaka 1981, katika waraka wa Familiaris Consortio, Papa Yohane Paulo II alitaja safari, kutengana na kurudi nyumbani kuwa nyakati za familia kusali. Pataneni saa moja, kwa mfano saa tatu usiku. Yeye huko aliko, wewe na watoto nyumbani, mnasali fumbo moja la Rozari. Mkiwa na simu, semeni Baba Yetu kwa sauti kabla ya kutaja mahitaji ya nyumbani.

3. Mwambie mwenzako. Yesu aliwaambia marafiki zake waziwazi kwamba roho yake ina huzuni. Usiseme, "Wewe hunijali." Sema, "Baba watoto, siku hizi najisikia mpweke, naomba tuketi tuzungumze." Maneno ya kwanza hujenga ukuta, ya pili hufungua mlango.

4. Usijitenge. Nenda kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo yako, pokea Ekaristi, mtembelee mgonjwa au mjane jirani. Anayemfariji mwingine hurudi nyumbani akiwa amefarijika.

Ikiwa upweke wako unatokana na kipigo au vitisho, usinyamaze ukidhani huo ndio msalaba wako. Tafuta usalama wako na wa watoto, kisha mweleze paroko au mtu unayemwamini.

Mfano wa watakatifu wawili

Louis na Zélie Martin walifunga ndoa Alençon, Ufaransa, mwaka 1858. Walizaa watoto tisa, wakazika wanne wakiwa wadogo. Louis aliposafiri kwenda Paris kwa biashara, au Zélie alipomtembelea kaka yake Lisieux, waliandikiana barua. Habari za watoto, kazi na hamu ya kuonana, yote waliambiana. Zélie alifariki kwa saratani mwaka 1877, na Louis akabaki na mabinti watano. Mdogo wao ndiye Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Papa Fransisko aliwatangaza wazazi hao watakatifu pamoja tarehe 18 Oktoba 2015. Utakatifu wao haukuwaondolea majonzi. Uliwafundisha kuyabeba wawili, mbele ya Mungu.

Ya kuzungumza nyumbani

- Ni wakati gani wa siku au wa juma ninapojisikia mpweke zaidi? Je, mwenzangu anajua?
- Tangu mwezi uliopita, ni lini tulizungumza bila kutaja pesa?
- Ni saa gani tutasali pamoja kuanzia juma hili?

Jibuni mmoja baada ya mwingine, bila kukatizana. Kisha shikaneni mikono, au mkiwa mbali, kila mmoja aitaje siku ya ndoa yenu mbele ya Mungu na kumshukuru. Aliyewaunganisha altareni siku ile hajaondoka nyumbani kwenu.