Maneno ya Kujua Kabla ya Kununua Kompyuta Mpakato

Malipo ya kahawa yanapowafikia wakulima wa Mbinga, wazazi wengi huanza kufikiria kompyuta mpakato kwa mtoto aliyechaguliwa kwenda chuo. Aghalabu inayonunuliwa ni iliyokwisha kutumika, na dukani mnunuzi huambiwa jambo moja tu: "Hii ina GB 500." Huenda namba hiyo ni ya kweli kabisa, lakini haijibu swali alilopaswa kuuliza.

Wakazi wa Mbamba Bay na Liuli wanajua tofauti kati ya kichanja cha kuanikia usipa na ghala la kuuhifadhi. Ndani ya kompyuta mna vitu viwili vya namna hiyo, na vyote hupimwa kwa gigabaiti, yaani GB. Hapo ndipo mnunuzi anapochanganyikiwa. Diski ni ghala: kilichohifadhiwa humo hubaki hata mashine ikizimwa. Kumbukumbu, ambayo mafundi huiita RAM, ni kichanja: hukaa kile tu kinachofanyiwa kazi wakati huo, na mashine ikizimwa hubaki tupu. Ghala liwe kubwa namna gani, kichanja kikiwa finyu kazi itasuasua. RAM ya GB 4 inatosha kuandika barua, lakini huelemewa kurasa nyingi za intaneti zinapofunguliwa pamoja. Kwa mwanafunzi tunashauri GB 8.

Diski nazo ni za aina mbili. HDD ina sahani inayozunguka, hivyo ni nzito kuamka na huumizwa na mitikisiko ya safari za bodaboda. SSD haina kinachozunguka, nayo ni ya kasi zaidi. Sisi tungechagua SSD ya GB 256 kuliko HDD ya GB 500. (Windows ikionyesha GB 465 kwenye diski ya GB 500, hujaibiwa, ni tofauti ya namna ya kuhesabu.)

Kichakataji ndicho mikono inayofanya kazi, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Lebo ya "i7" humvutia mnunuzi, ilhali haisemi lolote kuhusu umri. Tazama tarakimu zinazofuata. Kichakataji cha Intel kiitwacho i7-4600U ni cha kizazi cha 4, cha mwaka 2013. I3-8130U ni cha kizazi cha 8. Jambo hili lina uzito kwa sababu Microsoft ilikoma kutoa huduma ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa vichakataji vya Intel, kwa kawaida hudai kizazi cha 8 au zaidi. Mashine ya kizazi cha 4 inaweza kuwaka vizuri dukani, na bado ikawa imepitwa na wakati.

Kabla ya kulipa, omba mashine iwashwe mbele yako. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, kisha usome mwenyewe jina la kichakataji na kiasi cha RAM. Chomoa chaja na uiache ifanye kazi kwa nusu saa. Betri iliyochoka itajionyesha. Mahali umeme unapokatika mara kwa mara, betri hiyo ni gharama ya pili utakayoilipa.

Chaja ikiharibika, usinunue kwa kutazama ncha pekee. Kwa chaja za kawaida za ncha ya duara, volti za kutoka zilingane na zilizoandikwa chini ya mashine, kwa mfano 19.5V, ampea ziwe sawa au zaidi, kamwe zisipungue.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu ubora na sifa za bidhaa, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani. Hata hivyo maneno ya mdomo ni magumu kuthibitisha. Dai risiti ya EFD, na umwombe muuzaji akuandikie kwa mkono wake kichakataji, RAM, aina ya diski, namba ya mashine na muda wa dhamana. Akikataa kuandika alichokwisha kukisema, usitoe fedha.