Dawa ya tatu ya presha: je, naweza kumhoji daktari?

SWALI: Daktari, nina miaka 62, sina kisukari. Kwa dawa mbili presha yangu ya juu ni 134. Daktari wangu anataka kuongeza ya tatu. Nikimhoji nitamkosea?

JIBU: Hapana, muulize. Utafiti wa SPRINT wa Marekani (2015) ulihusisha watu 9,361 wasio na kisukari. Waliolengwa kushushwa presha ya juu chini ya 120, asilimia 1.65 kwa mwaka walipata matatizo makubwa ya moyo au kiharusi. Waliolengwa chini ya 140, asilimia 2.19. Faida ipo, ingawa kuzirai na matatizo ya figo viliongezeka. Kizunguzungu, kama unacho, na bei ya vidonge havimo kwenye takwimu hizo, kwa hiyo mweleze. Kabla hamjakubaliana, usiache dawa unazomeza.