KUPIMA THELUJI YA AKTIKI: KINA PEKE YAKE HAKITOSHI

Mwanafunzi, katika maeneo ya Aktiki, kama vile kaskazini mwa Kanada na Siberia, theluji hufunika ardhi kwa miezi mingi ya mwaka. Ili kuichunguza, wataalamu huchimba shimo hadi kwenye udongo, kisha hupima kila tabaka. Kumbuka sifa tatu zifuatazo.

1. Densiti: Ni tungamo ya theluji katika mita moja ya ujazo. Theluji mpya ina hewa nyingi, hivyo densiti yake ni kama kg 100 tu. Theluji iliyoshindiliwa na upepo hufikia kg 300 au zaidi.

2. Kuhifadhi joto: Hewa iliyonaswa ndani ya theluji hupitisha joto kwa shida. Ndiyo maana wakati wa baridi kali, udongo ulio chini ya theluji huwa na joto kuliko hewa iliyo juu yake.

3. Albedo (uwezo wa kuakisi mwanga): Theluji mpya huakisi asilimia 80 hadi 90 ya mwanga wa jua. Ikiyeyuka, ardhi yenye rangi nzito hubaki wazi, hufyonza joto na kuongeza kasi ya kuyeyuka.

Mfano
Theluji A ina kina cha sm 60 na densiti ya kg 100. Theluji B ina kina cha sm 40 na densiti ya kg 300. Ipi itatoa maji mengi zaidi?

Jibu
Kina cha maji = kina cha theluji × densiti ya theluji ÷ densiti ya maji (kg 1000)
A: 60 × 100 ÷ 1000 = sm 6
B: 40 × 300 ÷ 1000 = sm 12
Theluji B ni fupi, lakini ina maji maradufu.

Umuhimu wa tabaka
Novemba 2013, katika rasi ya Yamal nchini Urusi, mvua ilinyesha juu ya theluji ikaganda kuwa barafu ngumu. Reinidia, wanyama wa jamii ya kulungu wanaofugwa huko, walishindwa kuyafikia malisho. Makumi ya maelfu walikufa kwa njaa. Rula ya kupimia kina haionyeshi hatari kama hiyo, shimo huionyesha.

Zoezi
1. Theluji yenye kina cha sm 50 na densiti ya kg 200 itatoa maji ya kina gani?
2. Eleza kwa nini theluji ikipungua, joto la Aktiki huongezeka.