Brashi ya Kunyolea: Manyoya ya Baja au Nyuzi za Sintetiki?

Mnunuzi wa mara ya kwanza wa brashi ya kunyolea ndevu huangalia mpini. Huugeuzageuza mkononi, akavutiwa na mti uliong'arishwa au plastiki iliyotengenezwa ifanane na pembe, kisha akauliza bei. Mpini kazi yake ni kushikika wakati mkono umejaa povu, basi. Fedha yako inakwenda kwenye kile kishada cha nywele kilichogandishwa juu yake, na ukimuuliza muuzaji habari zake, mara nyingi jibu litakuwa moja tu: "Hii orijino, bosi."

Vishada hivyo ni vya aina nne kubwa: nywele za nguruwe, za farasi, za baja, na nyuzi za sintetiki. Mbili za mwisho ndizo zinazomchanganya mnunuzi, kwa kuwa moja ni ghali na imesifiwa vizazi na vizazi, na nyingine ni ya bei nafuu lakini imebeba jina baya tangu enzi za nailoni ngumu. Msimamo wangu nautoa mapema. Mtu anayeishi Tanga, Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, anayetumia maji ya kisima na kunyoa mara mbili tatu kwa wiki, aanze na sintetiki nzuri. Baja ni starehe, na starehe inunuliwe na mtu anayejua anacholipia.

Kwanza, brashi ina faida gani kwa mtu anayeweza kujipaka krimu kwa vidole? Brashi huchanganya vitu vitatu: maji, sabuni na hewa. Vidole haviwezi kuingiza hewa ya kutosha, ndiyo maana povu la mkono huwa jepesi na hukauka kabla wembe haujafika kidevuni. Brashi pia hunyanyua ndevu zilizolala na kufikisha maji kwenye shina la kila unywele. Unywele uliolowa vizuri hulainika, ukakatika bila wembe kuuvuta. Kwa hiyo brashi yoyote, ya baja au ya plastiki, ipimwe kwa mambo mawili: inatoa povu zito kwa haraka kiasi gani, na inauparuza uso au haiuparuzi.

Baja ni mnyama wa Ulaya na Asia, wa ukoo mmoja na nyegere wetu, mwenye mistari myeusi na myeupe usoni. Unywele wake mmoja una rangi tatu: chini mweupe, katikati mweusi, nchani mweupe tena. Ncha hiyo huchongoka yenyewe kadiri unywele unavyokua, na ndiyo inayoleta ulaini wanaousifu watu. Manyoya hayo hushika maji mengi, kwa hiyo brashi ya baja ikilowekwa dakika moja mbili huwa nzito na ya vuguvugu, na ikizungushwa shavuni hutoa maji kidogo kidogo. Anayependa kunyoa polepole asubuhi ya Jumapili ataelewa raha yake mara ya kwanza tu.

Ubaya unaanzia kwenye madaraja. Utakuta brashi imeandikwa "safi", nyingine "bora", nyingine "bora zaidi", na ya juu kabisa "ncha ya fedha". Hakuna mamlaka yoyote ya kimataifa inayosimamia majina hayo. Kila kiwanda hujipangia madaraja yake, na "bora" ya mmoja inaweza kuwa nyuma ya "safi" ya mwingine. Daraja la chini lina nywele nene na nyeusi zaidi, nalo likiwa la bei ya kutupa, kishada huwa kimekatwa kwa mkasi ili kipate umbo. Hapo ile ncha iliyochongoka imekwenda na mkasi, na kilichobaki kinakuchoma kama ufagio. Wengine huzichovya ncha kwenye dawa ya kung'arisha ili zionekane nyeupe kama za daraja la juu. Unajikuta umelipa mara tatu ya bei ya sintetiki kwa kitu kinachokukwaruza.

Namna ya kukagua si ngumu. Sukumia kishada kwenye upande wa ndani wa mkono, karibu na kifundo, halafu uzungushe. Kama kinachoma pale, shingoni kitachoma zaidi. Tenganisha nywele kwa kidole hadi chini, uone zimepandwa kwa wingi au gundi inaonekana katikati. Vuta kwa upole: nywele mbili tatu kutoka kwenye brashi mpya si tatizo, na zitaendelea kutoka kwa siku chache za mwanzo, lakini zikitoka kishungi, gundi ni mbovu. Na ukishainunua, ukiwa bado huamini kama ni manyoya kweli, chukua unywele mmoja uliodondoka uuguse kwa moto wa kiberiti. Unywele wa mnyama hunuka nywele zilizoungua na kubaki majivu yanayosagika. Uzi wa sintetiki huyeyuka, ukajikunja na kuwa kishanga kigumu. Kipimo hiki kina maana, kwa sababu sintetiki nyingi siku hizi hupakwa rangi nyeupe-nyeusi-nyeupe ili zifanane na baja.

Sintetiki ya kale ilistahili lawama zake. Nailoni ilipoingia kwenye brashi za kunyolea karne iliyopita ilikuwa ngumu, yenye ncha butu, na isiyoshika maji. Nyuzi za sasa ni nyembamba zaidi, ncha zake huchongolewa kiwandani, na nyingine hupindwapinda kidogo ili zibane maji katikati yake. Kampuni zilizojijengea jina kwa brashi za manyoya, kama Mühle ya Ujerumani na Simpson ya Uingereza, sasa zinauza sintetiki chini ya majina yao bila aibu yoyote.

Tofauti utaiona kwenye matumizi. Uzi wenyewe haunywi maji, kwa hiyo sintetiki haihitaji kulowekwa: chovya, kung'uta, anza. Inataka sabuni kidogo na maji kidogo kuliko baja, na anayeizoea vibaya hulijaza povu maji hadi likamchuruzika kifuani. Pia ina mrukoruko: ukiikandamiza inarudi kwa nguvu na kurusha matone kwenye kioo. Dawa yake ni kuongeza maji kwa ncha za vidole, tone baada ya tone, badala ya kuichovya upya kila mara. Anayetoka kwenye baja hulalamika kwamba haina joto wala uzito, na ana haki. Anayeanza hatakosa kitu ambacho hajawahi kuwa nacho.

Sasa hali yetu ya hewa, jambo ambalo maelezo ya kwenye kasha hayaligusi. Manyoya yaliyolowa hadi kwenye shina huchukua saa nyingi kukauka, pengine siku nzima kama hewa ni nzito. Pwani wakati wa masika, bafu dogo lisilo na dirisha huwa na unyevu asubuhi hadi usiku. Brashi ya baja ikikaa humo huanza kunuka uvundo, kisha huota ukungu mweusi chini kabisa, palipo na gundi, ambapo hupaoni hadi nywele zinaanza kukatika. Sintetiki hukauka haraka zaidi kwa kuwa maji yamekaa juu ya nyuzi tu. Mwenye baja pwani anapaswa kuwa nazo mbili za kupokezana, au aitoe bafuni kila baada ya kunyoa na kuiweka dirishani penye upepo. Ikining'inizwa au ikisimamishwa haijalishi sana. Hewa ndiyo inayokausha. Usiifungie mbichi kwenye kikopo chake, hata safarini.

Halafu maji. Visima vingi vya Dar es Salaam na miji mingine ya pwani vina maji ya chumvi, na bara kuna maeneo yenye maji magumu yaliyojaa chokaa. Kila aliyefua kwa maji hayo anajua sabuni inavyokataa kutoa povu. Usoni ni vilevile: madini ya maji hushikana na sabuni na kufanya utando mweupe unaoganda kwenye nywele za brashi. Manyoya ya baja yakishikwa na utando huo huwa makavu na yanayokatika. Nyuzi za sintetiki nazo huupata, ila husafishika kwa urahisi. Aina yoyote uliyo nayo, tumia maji ya mvua au ya chupa kwa povu, kikombe kidogo tu kinatosha, kisha suuza uso kwa maji yoyote. Mara moja kwa mwezi ioshe kwa sabuni ya kuoshea vyombo, halafu iloweke dakika chache kwenye glasi ya maji ya vuguvugu yenye kijiko cha siki, uisuuze. Maji ya moto sana yasiiguse: huharibu manyoya na kulegeza gundi.

Kwa Waislamu kuna suala la twahara ambalo wauzaji hawalitaji. Nywele za nguruwe ni najisi, na brashi za bei nafuu zilizoandikwa "asilia" tu, bila kutaja mnyama, mara nyingi ni za nguruwe. Kwa baja, katika madhehebu ya Shafii yenye wafuasi wengi pwani yetu, nywele za mnyama asiyeliwa zilizoondolewa mwilini mwake huhesabiwa najisi. Wahanafi wana msimamo mwepesi zaidi kuhusu nywele za wanyama wasio nguruwe. Mwenye shaka amuulize shehe wake, au achukue sintetiki alale usingizi.

Yupo pia mnyama mwenyewe. Uingereza ina sheria ya kumlinda baja, ya mwaka 1992, na manyoya mengi ya brashi hutoka China. Mwaka 2018 shirika la kutetea wanyama la PETA lilitoa uchunguzi kuhusu wanyama hao wanavyotendewa katika biashara hiyo nchini China, na baadhi ya wauzaji wakaacha kuuza baja. Hoja hii kwa wengine ni nzito kuliko zote nilizotaja.

Wengi wetu tuna nywele za kujikunja, na vipele vya ndevu tunavijua. Unywele uliokatwa chini sana hujipinda na kuchoma ngozi ukirudi ndani. Brashi haitibu hali hiyo, yeyote atakayekuambia inatibu anataka fedha yako. Inachoweza ni kulainisha ndevu na kuzinyanyua ili wembe upite mara moja badala ya mara tatu. Chagua kishada laini, zungusha bila kukandamiza, acha povu likae dakika mbili, kisha nyoa kufuata ndevu zinakoelekea, bila kuivuta ngozi. Penye vipele vibichi usipitishe brashi ngumu. Kama vimeanza kuacha makovu yaliyovimba, pumzika kunyoa na uende kliniki ya ngozi.

Saluni ni habari nyingine. Brashi moja inayopita kwenye nyuso za watu ishirini kwa siku haipati nafasi ya kukauka, na husambaza fangasi na bakteria wa majipu kutoka kidevu hadi kidevu. Damu ni hatari zaidi: kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku saba. Wembe uwe mpya na ufunguliwe mbele yako. Kuhusu brashi, nenda na yako, au mwambie kinyozi: "Kaka, leo nipake kwa mkono." Hakuna atakayekasirika, na akikasirika saluni ni nyingi. Nyumbani pia, baba na mwana kila mmoja awe na yake.

La mwisho ni brashi za kale, zile zinazopatikana minadani au kwenye sanduku la marehemu babu. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wanajeshi na raia wa Uingereza na Marekani waliugua kimeta usoni na shingoni kutokana na brashi za kunyolea. Vita vilikuwa vimevuruga biashara ya manyoya, viwanda vikatumia nywele za farasi kutoka Asia kuiga baja bila kuzisafisha ipasavyo, na mwaka 1920 Uingereza ikapiga marufuku brashi za kunyolea kutoka Japani. Wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania wanajua kimeta kinavyodumu ardhini miaka na miaka. Mbegu za bakteria wake hustahimili ukavu kwa miongo mingi, na kuchemsha kwa sufuria ya nyumbani si dhamana. Brashi mpya za leo hazina historia hiyo. Ile ya babu iweke kabatini kama kumbukumbu, au mpelekee fundi aking'oe kishada cha zamani, akisafishe kikombe cha mpini kwa dawa ya kuua vijidudu huku amevaa glavu na barakoa, kisha agandishe kishada kipya cha sintetiki. Vishada huuzwa peke yake, na kabla ya kuagiza pima tundu la mpini kwa milimita: mengi huwa kati ya 20 na 26.