Watoto wa Watu Chini ya Paa Lako

Mheshimiwa Mshauri,

Mimi ni mkazi wa Miyuji, hapa Dodoma, mke na mama wa watoto watatu. Tangu ofisi za Serikali zihamie huku, majirani wengi ni watumishi waliokuja bila mama wala shangazi wa kuwaachia watoto, nami nikaanza kuwapokea: walikuwa wawili, wakawa wanne, sasa ni tisa, tangu alfajiri hata magharibi, sebuleni na uani kwangu. Ninaye msichana wa kunisaidia. Nyumba tuliijenga kwa mkopo wa benki, na kwa ajili hiyo tulikata bima. Mwezi uliopita mtoto mmoja alimwagikiwa chai ya moto mkononi. Alipona, Mungu ashukuriwe, na wazazi hawakunung'unika, lakini tangu siku hiyo sina usingizi. Nilimwambia mume wangu twende tukaiarifu kampuni ya bima habari za watoto hawa. Akasema ninyamaze, maana ada itapanda, na bima ya benki yatosha. Je, yatosha kweli? Na nikitafuta nyingine, nichague kwa kigezo gani?

Mama Mlezi, Miyuji

Mama,

Haitoshi, na naona ni insafu nikujibu hivyo tangu mwanzo ili usiahirishe zaidi. Bima ambayo benki humtaka mkopaji aikate aghalabu huwekwa ili kuihifadhi dhamana ya benki yenyewe: kuta na paa vikiteketea kwa moto au kwa radi, fidia huelekezwa kwanza kwenye deni lililosalia, nanyi hupata kibakicho. Jokofu, makabati, magodoro ya watoto na vyombo vya jikoni mara nyingi havimo. Na lililo zito kuliko hayo yote, mtoto wa jirani akiungua mkono ndani ya nyumba hiyo, hati ya namna ile haina shilingi hata moja iliyotengwa kwa ajili yake.

Ama shauri la kunyamaza, mumeo amelitoa kwa kuuhurumia mfuko wa nyumba yenu, wala simlaumu kwa hilo. Lakini mkataba wa bima una sharti lisilopatikana kwa uzito uleule katika mikataba mingine ya sokoni, nalo ni uaminifu wa hali ya juu, yaani anayeomba kinga hupaswa kusema, hata kama hakuulizwa, kila jambo ambalo lingeifanya kampuni ikubali, ikatae, au iongeze ada. Mlipojaza fomu mliandika kwamba nyumba ni ya makazi, na siku ile ilikuwa kweli. Leo wamo watoto tisa wasio wenu, jiko lawaka tangu kabla ya jua kuchomoza, watu huingia na kutoka mchana kutwa, na malipo hupokewa kila mwezi. Hali imegeuka, na kuiarifu kampuni ni wajibu wenu. Ukizuka moto usiku kwa hitilafu ya umeme, moto ambao hauna uhusiano wowote na watoto hao waliokwisha kurudi kwao jioni, mkadiriaji wa hasara atafika, ataona vijiti vya kuchezea na vitanda vidogo vilivyopangwa safu, atauliza, naye atajibiwa na majirani kwa nia njema kabisa; na hapo kampuni itakuwa na hoja ya kuukana mkataba wote. Nyumba itakuwa imekwenda, na deni la benki litakuwa palepale. Nyongeza ya ada ambayo mumeo anaiogopa haiwezi kulinganishwa na hasara ya namna hiyo.

Mashaka haya si ya Miyuji pekee. Huko Uingereza, ambako walezi wa nyumbani waliwekwa chini ya sheria ya usajili tangu mwaka 1948, bima ya kawaida ya nyumba aghalabu haigusi biashara ya kulea watoto, na mlezi aliyesajiliwa hutakiwa awe na bima yake ya dhima. Nasi tunayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo inataka kituo cha kulelea watoto mchana kisajiliwe, na mlango wa kuanzia ni afisa ustawi wa jamii wa Halmashauri ya Jiji. Hukuandika kama umesajiliwa. Ikiwa bado, nenda huko kabla ya kwenda kwa wakala yeyote wa bima, kwa kuwa kampuni makini itakuuliza cheti, na kwa kuwa kinga iliyojengwa juu ya shughuli isiyotambuliwa na sheria hupingwa kwa urahisi siku ya madai. Uliza vilevile, ungali huko huko, juu ya matumizi ya kiwanja chenu. Viwanja vingi vya Dodoma viligawiwa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyovunjwa mwaka 2017 na kazi zake kukabidhiwa halmashauri, na katika hati ya kila kiwanja imeandikwa kazi yake. Iwapo yenu inasema makazi tu, pata shauri la idara ya mipango miji mapema.

Sasa kuhusu kuchagua. Wazazi wetu hawakuwa na taabu hii, maana tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 Shirika la Bima la Taifa, lililoundwa mwaka 1963, lilibaki peke yake katika kazi hiyo hadi soko lilipofunguliwa kwa sheria ya mwaka 1996. Leo kampuni ni nyingi, mawakala ni wengi zaidi, benki nazo huuza bima dirishani, na kila mmoja atakuonyesha kwanza bei. Nakusihi usianze na bei. Anza na swali hili, ulitamke wazi, na jibu lake ulidai kwa maandishi: "Nikishitakiwa na mzazi kwa madhara yaliyompata mtoto wake nikiwa ninamlea kwa malipo nyumbani kwangu, mtanilipia?" Katika hati nyingi za bima ya nyumba imo sehemu ya dhima kwa watu wengine, na wakala atakuelekeza hapo kwa furaha, lakini usome mpaka mwisho, kwa kuwa chini yake aghalabu huandikwa kwamba dhima inayotokana na biashara au kazi ya malipo haimo. Unachohitaji ni bima ya dhima kwa umma inayoitaja kazi yako kwa jina lake, ama kama nyongeza juu ya bima ya nyumba, ama kama hati ya peke yake.

Ukisha kuipata, tazama yale yanayotolewa nje, ambayo huandikwa kwa herufi ndogo. Je, chakula unachowapikia kikiwadhuru, kimo? Je, ukimpeleka mtoto kwao kwa bajaji, kinga inakufuata njiani au inaishia getini? Je, kosa la msichana wako huhesabiwa kuwa kosa lako? Idadi ya watoto waliotajwa ni tisa, au hati inasimama kwenye sita? Kiasi cha juu kitakacholipwa ni kwa tukio moja au kwa mwaka mzima, na sehemu gani ya kila hasara utaibeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa chake? Wakala asiyeweza kukujibu maswali haya, hata awe mpole na mcheshi namna gani, mwache.

Nakuomba usichanganye dhima na ajali, kwani hapa wengi hupotea. Bima ya dhima hulipa pale tu ambapo wewe umepatikana na kosa. Mtoto aliyejikwaa mwenyewe uani akavunjika mkono, bila uzembe wa mtu, hapati kitu kutoka huko. Ipo bima ya ajali kwa kundi, ambayo hugharimia matibabu bila kuuliza nani mkosaji, na kwa watoto tisa gharama yake inaweza kugawanywa miongoni mwa wazazi iwapo utawaeleza. Waeleze. Mzazi anayekuachia mwanawe alfajiri ana haki ya kujua ni kinga gani iliyomfunika, na wapi inakoma.

Kwa upande wa nyumba yenyewe, kadiria gharama ya kuijenga upya kwa bei za leo za saruji, nondo na mabati, wala usitie thamani ya ardhi, kwa kuwa ardhi haiungui. Watu wengi hupunguza kiasi ili wapunguze ada, nao hujidhulumu. Nyumba ya kujengwa kwa milioni 80 ikikatiwa bima ya milioni 40, kisha jiko likaungua kwa hasara ya milioni 10, kampuni huhesabu kwamba mwenye nyumba alijikinga nusu tu, na humlipa milioni 5. Dodoma ni nchi kavu, lakini mvua za Desemba hata Aprili huja kwa kishindo na kujaza makorongo kwa saa chache, na Bonde la Ufa limepita jirani nasi. Kwa hiyo uliza mafuriko na tetemeko la ardhi kwa majina yake, usitosheke na neno "majanga".

Kabla ya kulipa, hakikisha kwamba kampuni na wakala wamo katika orodha ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ambayo makao yake yapo hapa hapa Dodoma, na baada ya kulipa uhakiki stakabadhi yako katika mfumo wao. Kampuni ikikataa kukulipa siku ya haja kwa sababu usiyoielewa, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye kazi yake ni kusikiliza malalamiko ya namna hiyo bila kukupeleka mahakamani.

Mumeo mchukue mwende pamoja kwa wakala, naye asikie kwa masikio yake nyongeza ni shilingi ngapi. Nadhani hofu yake ni kubwa kuliko hesabu itakavyokuwa. Mwiarifu na benki pia, kwa kuwa ina haki katika hati ya sasa, na hati hiyo haifai kubadilishwa bila yenyewe kujua.

Limebaki la msichana wako, ambaye umemtaja kwa maneno machache mno. Yeye ndiye anyanyuaye masufuria ya moto na kubeba watoto siku nzima, na bima ya dhima kwa umma aghalabu haimhesabu, kwa sababu yeye si umma, ni mwajiriwa wako. Mwandikie mkataba, kisha ujisajili katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambako mchango wa mwajiri ni nusu ya asilimia moja ya mshahara, nao hutoka mfukoni mwako, si katika ujira wake.